Shanga ya Baba Mkwe na Sindano ya Moto

Tokie wa Yoshino! Tangu kiangazi cha mwaka juzi hujabisha hodi kwangu wala kuniandikia, leo umeunguza ndiyo unamkumbuka Bibi Hatsu? Haya, wasomaji nao wasikie barua yako.

*Bibi Hatsu mpendwa, niokoe, Jumapili ni kumbukumbu ya mwaka wa saba ya baba mkwe na mama mkwe ataweka mfuko wa tumbaku wa marehemu mbele ya madhabahu ya nyumbani, sasa ile shanga inayobana kamba ya mfuko shemeji aliicheka eti plastiki tu, nami nilisikia sindano ya moto haidanganyi, plastiki huyeyuka, nikaichoma, Bibi, ikatoka harufu ileile ya siku ya kuchoma maiti, tulipookota mifupa ya marehemu majivuni kwa vijiti, nikapiga yowe, mama mkwe akaita, "Nini hicho?" nikamjibu, "Samaki kaungua, mama," na sasa silali, nadhani nimechoma mfupa wa mtu, maana ndani ni kama sifongo na nje kuna ganda la kahawia lenye mikunjo, je, nitafute nyingine niibadilishe asijue?*

Samaki! Mwanangu, nimeshtuka mpaka chai imenimwagikia magotini. Nani kakwambia kitu cha marehemu hutambuliwa kwa kuchomwa? Shule sikuikanyaga, lakini mume wangu alichonga shanga hizo maisha yake yote na mimi ndiye niliyezisugua. Kaa dirishani, tazama mdomo wa tundu la kamba. Ukiona mistari inakatizana kama wavu, hiyo ni pembe ya ndovu. Vitone vyeusi vidogovidogo, mfupa. Sifongo na ganda la mikunjo, kama unavyosema, ni pembe ya kulungu, nayo ikichomwa hunuka kama mfupa, na kulungu wa huku kwetu huiangusha mwenyewe msituni kila mwaka. Hujachoma mtu. Futa machozi.

Ila kuibadilisha, thubutu! Mama mkwe wako amefunga na kufungua kamba ile miaka mingapi? Vidole vyake vitajua kabla ya macho. Unataka aumbuke mbele ya wageni, akimlilia mumewe kwa shanga ya mtu mwingine?

Usizibe tundu la sindano kwa gundi. Kabla ya Jumapili piga magoti, umwambie, "Mama, hakuwa samaki." Atakufokea. Usiinuke. Akimaliza, muulize pembe ile iliokotwa wapi, kisha unyamaze usikilize.

Halafu mje kwangu wote wawili. Shanga aibebe yeye, nami niisugue. Sindano uiache nyumbani.