Neno Lililo Mbele ya Sine

Jumatatu, 8 Julai 1974

Baridi kali hapa Waithaka. Wanjira amejifungua asubuhi, mimba haijatimiza miezi. Mvulana. Mdogo mno! Lakini analia, na kilio kina nguvu. Daktari amepita, akasema kifua ni kizuri, anachohitaji ni joto tu. Kumsafirisha hadi hospitali na baridi hii ni kumdhuru. Basi tumemlaza kwenye inkubeta yetu, lile sanduku la kioo lenye joto — yeye ndiye mtoto wa kwanza kuitumia.

Stima haijafika huku. Mzee Gerishon, mwenyekiti wa kamati ya kliniki, ndiye aliyetuletea inveta: sanduku la chuma linalochukua umeme wa betri ya lori na kuugeuza uwe kama ule wa nyumba za mjini. Betri zinachajiwa kwa injini ya kinu cha posho. Aliijaribu kwa balbu. Balbu ikawaka, akina mama wa kanisa wakapiga vigelegele.

Joto limekaa sawa. Ila feni ya ndani, ile inayozungusha hewa, inavuma kama nyuki waliofungiwa kwenye chupa.

Jumanne, 9 Julai

Harufu ya waya kuungua! Nimegusa mota ya feni, nikatoa mkono haraka. Nimezima kila kitu. Mtoto nimempa Wanjira, ngozi kwa ngozi, blanketi mbili juu, chupa za maji moto pembeni. Nikamwambia asilale. Akasema, nitalalaje, Sista?

Mota ilipopoa niliwasha tena. Muda kidogo tu, harufu ile ile.

Mzee Gerishon amekuja, akakasirika. Inkubeta ndiyo mbovu, anasema, inveta ni mpya, taa si inawaka? Akanionyesha kibandiko kwa kidole. “Soma mwenyewe, Sista Nzula. Sine wave. Ndiyo ile ile ya stima ya serikali.” Nimesoma. Sine wave, wimbi la sine, herufi kubwa. Juu yake kuna neno jingine, dogo sana: modified. Nikamuuliza maana yake. Akasema maana yake wameiboresha.

Labda. Mimi ni mkunga, si fundi. Lakini feni hiyo niliiona ikizunguka kimya kabisa kwenye stima ya mjini, siku tuliyokabidhiwa.

Jumatano, 10 Julai

Virginia, msaidizi wangu, amebaki na Wanjira na mtoto. Mimi nimebeba feni na inveta hadi duka la Bwana Mohdhar, Biashara Street, ilikonunuliwa. Mtu wa Lamu, mpole, kofia yake nyeupe pe. Nikajiandaa kwa ugomvi. Haukuwapo! Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Sista, mimi nauza kama kilivyoandikwa. Wimbi lenyewe sijapata kuliona kwa macho. Twende likaonwe.” Akafunga duka, akanipeleka kwa gari lake hadi Hurlingham, kwa Musembi fundi wa redio.

Musembi ana mashine yenye kioo cha kijani, anaiita skopu. Inachora umeme! Kwanza akaipa stima ya ukutani. Vilima vya mviringo, kupanda na kushuka polepole, kama mgongo wa Ngong ukiuangalia kutoka kwetu. Hiyo ndiyo sine, akasema. Halafu akaipa inveta yetu. Lo! Hakuna kilima. Ngazi. Umeme unaruka juu ghafla, unakaa tambarare, unaanguka, unatulia kidogo, unaanguka tena.

Nikauliza, mbona balbu inawaka? Akasema balbu na koili ya joto hazijali umbo, zinataka nguvu tu. Mota ndiyo inayojali. Ikipewa ngazi inavuma na kujipasha moto. “Na hili neno modified?” Akacheka. Eti kwa haki ingeandikwa wimbi la mraba lililorekebishwa, ila mraba hauna soko. Kwa hiyo wanaazima jina la sine. “Ukikuta sine, Sista, tafuta neno lililo mbele yake.”

Bwana Mohdhar akakisoma kibandiko tena. Kisha akasema ghalani ana inveta moja ya zamani, haiuziki kwa sababu ni nzito mno. Akaifuata. Kwenye kibandiko chake, sine haipo popote! Wameandika tu kwamba upotovu wa wimbi, yaani kuachana kwake na kilima, hauzidi asilimia tano. Musembi akaiunganisha.

Vilima. Mviringo. Karibu nilie mbele ya wanaume wale.

Tukaweka feni. Kimya. Lakini inakula betri vibaya, Musembi kaonya. “Chukua,” Bwana Mohdhar akasema. “Hii nyingine niachie. Na kibandiko nitakisahihisha kwa mkono wangu kabla sijauza tena.”

Alhamisi, 11 Julai

Mzee Gerishon hakutaka kusikia. Amejinunulia aibu, anasema, mbele ya kanisa zima. Nikamwambia, Mzee, hakuna anayekucheka, weka tu mkono hapa. Akaweka mkono kwenye mota, feni ikizunguka. Akangoja. Akangoja sana. Imepoa, akasema, kama anayeniuliza.

Mtoto amerudi inkubeta. Wanjira kalala kwenye kiti, mdomo wazi.

Ijumaa, 12 Julai

Betri zinaisha mbio, kama tulivyoambiwa. Mzee Gerishon ametoa betri ya Land Rover yake, akaenda nyumbani kwa miguu. Mwenye kinu amekubali kuendesha injini ichaji betri hata baada ya wateja kuondoka.

Jumapili, 14 Julai

Mvua. Nimepima, mtoto ameongezeka. Kidogo tu, ila mshale umesogea! Bado tunamlisha kwa mrija, hajui kunyonya. Midomo haifanyi kazi.

Jumatatu, 15 Julai

Mwenye kinu ameleta habari: mkanda wa injini umekatika, wanautafuta mjini. Betri pekee yenye chaji ndiyo hii iliyo kazini. Mzee Gerishon yuko njiani kutafuta nyingine, sijui atapata wapi. Virginia anachemsha maji ya chupa, kama itabidi.

Nimefungua kidirisha kumbadilisha nepi. Kidole changu kimemgusa shavu. Kageuza kichwa! Kafungua mdomo, anatafuta ziwa. Nimemgusa upande wa pili — kageuka tena, na hasira juu!

Nimemwita Wanjira. Anakuja mbio, anafungua vifungo vya blauzi, anauliza amshikeje. Naweka kalamu chini, nimwonyeshe.