Mawinda ya Salme

Shauri Moyo, Nairobi
14 Agosti 1957

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Zaitun,

Shikamoo mama. Natumai barua hii itakukuta umeamka vyema, na lile goti limepunguza kukusumbua. Mimi ni mzima, na kazi kwenye karakana ya reli yaendelea. Baridi ya huku mwezi huu ni kali, lakini tumeizoea. Mjukuu wako Salme ni mzima pia. Amenenepa hadi mapaja yamefanya mikunjo, na wiki hii ameanza kucheka kwa sauti.

Barua yako ilinifikia, nami nimeisoma mara nyingi. Unasema tangu mke wangu Muhiba alipofariki baada ya kujifungua huna usingizi, kwa kuwa mwanamume peke yake hawezi kulea kitoto kichanga. Unataka nimkabidhi mtoto kwa jirani yetu Bi Qamar, anayesafiri kwa treni Jumamosi, amlete Mombasa pamoja na leso za marehemu ili zigawanywe. Sikulaumu mama. Hata mimi mwanzoni niliamini hivyo hivyo. Nakuomba usome niliyoyapitia, ndipo uamue la kusema.

Matanga yalipokwisha na watu kutawanyika, nilibaki chumbani na mtoto. Perez, mke wa Ochola ninayefanya naye kazi, anakaa mlango unaotazamana na wangu. Yeye naye ana mtoto mchanga, Omolo. Alijitolea kumshika Salme niwapo kazini. Niliona haya kumwongezea na kufua, kwa hiyo nikaenda dukani nikanunua vichupi vya mpira, vile visivyopitisha maji. Nilijiona nimepata akili. Mtoto akawa mkavu kwa nje, kumbe ndani analowa kutwa nzima. Ngozi ikawa nyekundu, kisha ikachunika, na kilio chake kikawa si kile ninachokijua.

Jioni moja niliporudi kutoka kazini Perez aliniita, akamfunua mtoto nione mwenyewe. Hakunigombeza. Aliniambia, “Baba Salme, mpira ni wa gurudumu. Mtoto mfunge nguo iliyozoea mwili wa mtu.” Akanieleza kuwa hata kitambaa kipya cha dukani kingemkwaruza. Kilichotakiwa ni kitambaa kilichofuliwa mpaka kikalainika.

Kitambaa cha namna hiyo humu ndani kilikuwa leso za Muhiba tu. Nilifungua sanduku, nikatoa zile alizokuwa akivaa nyumbani, bado zina harufu ya udi. Nilikaa na mkasi mkononi muda mrefu, mama, kisha nikakata. Salme alikuwa analia, nami nalia. Nilipomfunga kipande cha kwanza alinyamaza, nami nikanyamaza.

Basi hapo nikaingia kazi ya mawinda, hizo nguo za kumfunga mtoto mchanga. Perez alinifundisha kuyakunja pembe tatu na kuyafunga bila kuminya tumbo. Kufua nilikataa asinisaidie, maana yeye ana yake. Nikaenda mwenyewe bombani na karai langu. Wanawake walicheka siku za kwanza, kisha wakawa wananisogezea nafasi. Aliyeudhika ni mzee Zubeiri, ambaye unamjua tangu akikaa mtaa wa Kuze huko Mombasa. Alisimama mbele ya watu wote akaniambia, “Twalib, unatuaibisha wanaume wa pwani. Hiyo ni kazi ya wanawake.”

Sikukasirika. Nilimjibu, “Aliyeyachafua ni mwanangu, mzee. Nimpe nani ayafue?”

Mpaka leo tukikutana msikitini ananiamkua vizuri, ila bombani anapita kama hanioni. Mimi naendelea kufua. Nayasuuza kwanza kwa maji baridi, nayachemsha ndani ya debe na sabuni ya mche, nayaanika juani. Vidonda vyote vimepona, na ngozi ya mjukuu wako sasa ni laini kama alivyozaliwa. Nakwambia bila kujisifu bure, katika safu yetu ya nyumba hakuna kamba ya nguo safi kuliko yangu.

Sasa nifike kwenye lile ulilouliza nami sikulijibu, kwamba mtoto anywa nini. Maziwa ya kopo aliyatapika yote, akadhoofu mpaka nikaogopa kumwacha peke yake hata kidogo. Perez ndiye aliyenijia, akaniambia polepole, “Nina maziwa ya wawili. Ukiniruhusu, nitamnyonyesha.” Nilikwenda kumwuliza maalim wetu, akasema hakuna kosa, ila nijue kuwa tangu hapo Salme na Omolo ni ndugu wa ziwa, hawataoana kamwe. Nilirudi nikamwambia Perez na Ochola hivyo, wote wawili wakakubali. Kwa hiyo, mama, mjukuu wako amepata mama mwingine, Mjaluo na Mkristo, na amepata kaka. Maziwa ya Perez ndiyo yanayomnenepesha.

Kwa sababu hiyo Bi Qamar atakapofika kwako atakuwa na barua hii na leso zile ambazo sikuzikata. Mtoto hatakuja. Siwezi kumtoa kwenye ziwa lililomwokoa, na sitaki kuwa baba wa kuhadithiwa. Sikukaidi kwa kiburi. Wewe ulinilea mwenyewe baba alipofariki, jamaa walipotaka kutugawa, na hukumpa mtu hata mmoja wetu. Goti likikuruhusu, njoo wewe. Nitakupokea stesheni, nikupishe kitanda, na umwone Salme akifungwa winda na mwanao.

Wasalimie wote waliomo nyumbani, wakubwa kwa wadogo. Ochola anakusalimu sana. Perez naye anakusalimu, na aliniuliza ukija atakuitaje. Nimemwambia akuite Mama.

Ni mimi mwanao,
Twalib bin Abdurahim