Mkato Alioufuta Kaka Nassor

Dada yangu Zuhura,

Tangu uzikwe sijakuandikia, na leo naandika kwa hasira. Kaka Nassor amekusingizia.

Unaikumbuka ile programu uliyotuandikia kwa Python, ile lugha ya kompyuta, ya kuwapelekea jamaa ujumbe kila nyumbani kukiwa na shughuli? Ulinifundisha tumekaa barazani Mtoni, kompyuta mapajani mwako. Kila namba ya simu uliiweka mstari wake, ndani ya alama za kunukuu, na baada yake mkato, hata ile ya mwisho. Nikakucheka, mkato huo unangoja nini? Ukasema, "Kwenye orodha haudhuru. Ni nafasi kwenye sinia, mgeni akija anakaa." Ukanieleza na habari ya tuple, orodha isiyobadilishwa, ile ya mabano ya mviringo: ikiwa na kitu kimoja tu, mkato ni lazima, la sivyo Python haiihesabu kuwa tuple.

Basi Kaka Nassor, fundi wa kusafisha visivyochafuka, akaufuta mkato wa mwisho. Ati uchafu. Shangazi Mwanaisha wa Makunduchi alipobadilisha laini, Kaka akaitoa namba yake ya zamani, akaandika mpya chini kabisa, asikumbuke kurudisha mkato kati yake na namba iliyotangulia. Python haikulalamika. Iliziunga namba hizo mbili zikawa moja ndefu isiyo ya mtu yeyote. Shangazi hakupata ujumbe wa khitma yako.

Siku ya tatu baada ya khitma akaja mjini. Hakuvua hata buibui.

"Khitma ya Zuhura nnaambiwa na muuza samaki? Nshazeeka, lakini sijafa."

Kaka akamjibu bila haya, "Programu ya marehemu hiyo, Shangazi. Labda hakukuweka."

Nilighadhibika, Dada. Marehemu hajitetei, ndiyo maana akakutupia wewe kosa lake. Na wewe nakulaumu kidogo. Ungeandika palepale sababu ya ule mkato. Ulidhani sote tuna akili zako.

Nikafungua nakala yako ya kwanza, nikamwekea Shangazi mbele ya macho, Kaka amesimama hapohapo. Shangazi akavaa miwani, akapitisha kidole. Namba ya juu kabisa, kabla hata ya Mama, ni ile laini yake ya zamani.

"Kumbe nlikuwa wa mwanzo," akasema, akakaa chini akalia.

Kaka alitoka, na radhi hajaomba mpaka leo. Mola akupe raha huko uliko. Mimi huku sijamsamehe.

Mdogo wako