Siku Niliyozima Mashine ya Unga

Mjukuu wangu Arot,

Kakuma unakofanya kazi si Ulaya. Magari hupita hiyo barabara kila siku, na wewe hujaonekana hapa Lodwar, kwetu Kanamkemer, tangu mvua ile ndogo. Mwanao Akai ameng'oka meno mawili. Mimi ndiye niliyeyarusha juu ya paa. Mke wa mchungaji wa kanisa ananiandikia barua hii, na nimemwambia asirembe maneno yangu.

Unakumbuka ulivyokuja na kile kidude cha kupima kelele? Baadaye uliniwekea kompyuta magotini, ramani ya Lodwar yote iko ndani. Ukasema, "Ata, nyanya yangu, nyekundu ni kelele nyingi, kijani ni utulivu." Nikakuuliza kama ulisimama kila mlango. "Nasimama hapa na pale tu. Katikati kompyuta inajaza rangi yenyewe." Nikasema kompyuta yako ina kiherehere, tukacheka mpaka chai ikamwagika.

Ulipokuwa mdogo kama Akai ulimjua kila mbuzi wetu kwa kengele yake, hata kabla hajatokeza kwenye laga, ule mto mkavu. Sikushangaa ulipopata kazi ya kusikiliza.

Sasa mimi siwezi kutulia. Tangu tuanze barua hii nimeinuka mara tatu, naenda mlangoni, narudi. Wiki jana tulienda ofisi ya kaunti kuomba mashine ya unga ihamishwe, maana imebanana na nasari anakosoma Akai. Mwalimu amepaza sauti mpaka imekauka. Akai akirudi ananiongelesha kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Bwana wa ofisi akatandaza ramani yako mezani. "Mama, hapa kwenu ni kijani. Hakuna shida."

Niliokota fimbo yangu nikatoka, Arot. Mimi, kuondoka bila ugomvi. Kwa sababu hiyo kijani ni yangu.

Asubuhi ya siku ile uliyokuja kupima, kabla hujafika, nilizunguka na fimbo. Nikamwambia mwenye mashine, "Zima. Mjukuu wangu anakuja, na kazi yake ni kusikiliza." Akasema wateja wanangoja. Nikamwambia wangoje. Wachomelea vyuma nao nikawanyamazisha, hata nasari watoto wakaambiwa walale. Wewe ukasimama pale ukatabasamu, ukaandika, nami nikajiona nimekupokea vizuri kuliko nyanya yeyote wa Lodwar.

Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie ukiwa hapa, sahani mkononi. Lakini mimi sikuingia darasani hata siku moja, unajua. Huyu mtoto lazima amsikie mwalimu wake.

Kwa hivyo njoo siku ya shule, si Jumamosi. Usipige simu, nisije nikashika fimbo tena. Ukishuka kwenye boda usije kwangu, wala usinisalimu kwa ejok. Nenda mlangoni pa nasari, washa kidude chako, upime mpaka umalize. Nitakuona kutoka kwenye kigoda changu, nami nitajizuia. Ukishamaliza ndipo unisalimu, tena kwa sauti kubwa, maana mashine itakuwa inanguruma.

Ata wako,
nyanya aliyekulea