Mjomba, Nimechagua Pampu ya Mkono

Mjomba,

Assalaam alaikum. Jibu silitarajii, lakini ulinikataza kuingia pahala popote bila kutoa salamu, na leo naingia kwako nikiwa na hofu.

Baada ya khitma yako wazee walikaa wakasema zana za mjomba ni za mpwa, ndivyo tulivyo sisi Wadigo, na mpwa uliyemlea ni mimi. Nikapewa pipa lako la kupikia dizeli kwa mafuta ya kukaangia, mabomba, mashine ya kusaga na ufunguo wa banda. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Nilipokea kwa mikono miwili, nikasema ahsanteni.

Mashine imenyamaza, haina dizeli. Kina mama wa hapa Munje wanabeba mahindi kichwani hadi Msambweni kwenda kusaga, na wakipita uani wananisalimu kwa upole unaoniumiza. Mafuta yaliyotumika watu bado wanayaleta. Wauza viazi karai wa Ukunda, yule mpishi wa hoteli kule Diani, hata yale mafuta yaliyokaangiwa mahamri ya khitma yako mwenyewe. Kila mtu anatua dumu lake ukutani anakwenda zake, kana kwamba utatoka uyachukue. Wanangoja niwashe.

Nami naogopa, Mjomba. Naiogopa ile methanoli, spiriti yako ya kuchanganyia, kwa sababu ikiwaka juani moto wake hauonekani. Mkeo hunisimulia kila nikienda kumjulia hali. Alikuwa jikoni akikuna nazi, akakuona unajipigapiga mikono na mabega kando ya pipa. Akacheka. Akakuuliza, "Nyuki hao?" Anasema swali hilo mpaka leo halimtoki kinywani. Shati liliposhika moto ndipo alipojua. Na wewe hukukimbia. Ulirudi kufunga koki ili mafuta yasimwagike. Tangu hapo kila ninaponawa nje huitazama mikono yangu juani, naigeuza na kuigeuza, natafuta moto.

Nimejua moto ulikoanzia. Ile pampu ya maji ya umeme uliyoifunga kwenye pipa, mfuniko wake uliukatia gasketi ya tyubu ya baiskeli. Nani hapa kwetu hafanyi hivyo? Bomba likivuja, tyubu. Injini ya boti, tyubu. Mpini wa panga ukilegea, tyubu. Kwa maji inafaa sana. Nilikata kipande cha tyubu ileile nikakiloweka ndani ya chupa ya dizeli yetu, na nilipokitoa kilikuwa kimevimba na kulegea kama ulimi wa ng'ombe uliochemshwa. Basi gasketi yako iliachia, mchanganyiko ukatiririka juu ya mota, na mota ile hutoa cheche. Nililia palepale nimeshika chupa. Kitu kidogo hivyo, Mjomba.

Nikaenda kutafuta pampu nyingine. Kombani nilionyeshwa ya plastiki, nikaiogopa kwa kuitazama tu. Ukunda, kijana mmoja wa duka, mtu wa bara, mcheshi, alinipigia debe pampu ya injini ya petroli. "Hii ni noma, bro, inavuta kila kitu." Nilimwuliza kama anayo isiyo na mota kabisa. Akadhani namtania. Mwishowe akatoa nyuma ya magunia ya saruji pampu ya chuma ya kuzungusha kwa mkono, ile waliyokuwa wakiitumia wauza mafuta ya taa kuvutia kwenye mapipa. Nikamwomba aifungue niione ndani. Kisha nikamwomba gasketi zake nikaziloweke nyumbani kabla sijainunua. Alicheka mpaka akawaita wenzake waje kunitazama, lakini alinipa. Hazikuvimba.

Sasa imeshafungwa, nje kabisa, mbali na jiko. Nimeijaribu kwa maji, kisha kwa mafuta matupu. Mabega yananiuma, nitazungusha asubuhi nzima kwa kazi ambayo mota yako iliifanya huku wewe unakunywa chai. Spiriti bado sijaitia. Kila siku nasema kesho.

Jana mkeo alifika kwenye pipa, mara ya kwanza tangu uondoke. Aliitazama pampu, akautikisa mpini, akasema, "Siku utakayotia hiyo spiriti nitaketi hapa na ndoo. Ukijipiga hata mbu, nakumwagia." Hakuwa anatania. Nikamwambia naona haya, mwanamume mzima kulindwa kwa ndoo. Akanijibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na yeye kilio kimemtosha.

Kwa hiyo safari hii kesho ni kesho kweli. Madumu yamejaa ukutani, na kina mama wamechoka na njia ya Msambweni.

Naomba radhi yako mapema, Mjomba. Uliniachia pipa na mashine, na adabu inanitaka nivilinde. Sitavilinda. Nakuahidi, pampu hii ikivuja hata tone moja, mimi sirudi kufunga koki. Nitamshika mkeo mkono tukimbie, pipa liungue, banda liungue, na Munje nzima inicheke.

Mungu akulaze pema. Kuja nitakuja, lakini si kwa njia uliyopita wewe.

Mpwa wako