Nusu ya Jina la Mama Ma'ata

'Ana, niko nje ya wodi.

Unakumbuka nilivyobishana na bosi wangu Fe'ao kuhusu faili la wagonjwa ninalolitengeneza kwenye kompyuta za hospitali? Alitaka kila jina lifunguliwe na kufungwa kwa ritifaa, kile kialama ('). Nikamwambia, bosi, kwetu Tonga ritifaa ni herufi, imo ndani ya majina. Kompyuta ikiikuta itadhani jina limeisha. Akanijibu, "Wauguzi watatanguliza alama ya mkwaju kabla ya ritifaa ya ndani ya jina, Lupe, kompyuta isiikate. Kanuni ipo."

Muuguzi gani atakumbuka mkwaju wodi ikijaa?

Leo Ma'ata na Ma'u wamelazwa chumba kimoja. Kwenye skrini wote wawili ni "Ma". Ma tu. Sindano ya penisilini ya Ma'u ikapelekwa kwa Ma'ata, ambaye ana mzio wa dawa hiyo; ingemuua.

Mama wa watu akauvuta mkono wake kabla haijamgusa. "Mwanangu, soma kwanza jina langu lote."

Muuguzi akasema, "Mama, hapa pameandikwa Ma."

"Na nusu nyingine mmeipeleka wapi?"

Nikamwita Fe'ao aje aone. Unajua alisema nini? "Tuwaambie wauguzi waache kuandika ritifaa." Waache, 'Ana. Mtu mwenyewe anaitwa Fe'ao.

Nimeuzima mfumo wodi zote. Wauguzi wanaandika kwa kalamu mpaka nibadilishe kanuni: jina lifungwe kwa alama za kunukuu zenye vistari viwili, ritifaa ibaki herufi. Fe'ao anasema atanifukuza. Nimemwambia anifukuze kesho, leo nina kazi.