Mkwe Ananinyang'anya Ungo

Shikamoo mama yangu,

Huku Same jua linatuchoma, lakini kinachoniudhi zaidi ni mkwe wa mgonjwa wangu. Mgonjwa mwenyewe ni bibi aliyepooza mkono, nami ninajifunza kuwarudisha wagonjwa kwenye kazi zao za nyumbani. Kila nikimpa ungo achambue maharage ya makande, mkwewe anaunyakua. "Kujitegemea kwenu mmekuleta hadi kwa wagonjwa?" ananisuta.

Leo bibi mwenyewe amechoka kunyang'anywa, akamwambia mkwewe: "Niachie mwanangu, mkono ni wangu." Alichambua konzi moja, nyingine ikamwagika. Nilifumbata mikono nisimwokotee. Zamani ningemalizia mimi.

Mama, najua unamlisha mwanangu Neema kwa huruma. Tafadhali mpe kijiko ashike mwenyewe, hata akijipaka uji. Mkumbatie, na mjifunike vizuri kwa baridi hiyo ya Chome.

Mwanao, Nakijwa